Neno Nililomtupia Mjomba Wako

Kibet mwanangu,

Umeenda Kiptere kuaga kina shangazi, na najua hawatakuachilia kabla hujanywa maziwa ya mursik katika kila nyumba. Kwa hiyo nina saa mbili tatu hivi. Sanduku lako liko karibu na mlango. Habari ya sweta, ya kula vizuri, ya kupiga simu, hayo umeshaambiwa na kila mtu tangu visa ilipotoka, hata na watu ambao hawajawahi kuvuka Londiani. Sitayarudia.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kikipsigis nimezoea kukisema tu, nikitaka kukiandika mkono unakwama. Tena haya ninayotaka kukuambia, kabla ya mwezi huu nilikuwa nimemwambia mtu mmoja peke yake, na tuliongea Kiswahili, mimi na yeye, kule jikoni kwa mapadri.

Unakumbuka siku mlipotoka tohara. Wamama walijaa hapa uwanjani, wakakupaka mafuta kichwani, kila mmoja akikuita kwa sauti. "Muren! Muren wa nyumba hii!" Halafu wakanisukuma mbele, kwa kuwa ilikuwa zamu ya mama. Nikakushika mkono, nikafungua mdomo, kisha nikakuacha nikarudi jikoni. Nilikuona kupitia dirishani umesimama na blanketi mabegani, unautazama mlango. Jioni ukaniuliza, "Mama, nimekukosea wapi?" Nikasema kichwa kilikuwa kinaniuma.

Nilikudanganya. Kichwa hakikuuma. Hilo neno nilishalitumia siku moja, miaka mingi kabla ya wewe kuwa mwanamume, na tangu siku hiyo limekataa kutoka mdomoni mwangu.

Mjomba wako Kiplangat unamjua kama yule mtu mnyamavu anayeshona viatu karibu na soko la Bomet, anayetuma salamu lakini haji. Hakuwa hivyo. Wazazi wetu walipofariki alikuwa bado shule ya msingi, nikamchukua, akakulia kwangu. Alikuwa mtu wa kuimba. Aliimba akikamua, aliimba akipasua kuni, mpaka baba yako akawa anamwambia apunguze, ng'ombe wanataka kulala. Alipofika miaka kumi na tisa akapata kazi kwenye kinu cha kusaga mahindi cha Baba Njoki, pale kwenye senta yetu ya maduka, chini ya Kapsoit. Alikuwa akirudi jioni nyusi zote nyeupe kwa unga, anakukimbiza kuzunguka nyumba, nawe unapiga kelele, "Mzungu! Mzungu!" Ulikuwa na miaka minne.

Baba Njoki na mkewe walikuwa watu wa asili ya Murang'a, lakini yeye alizaliwa hapa hapa na Kikipsigis chake kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wa siku hizi. Mama Njoki alikuwa rafiki yangu. Usiku uchungu wako uliponishika na baba yako hayupo, ni yeye aliyemwamsha mumewe, wakanilaza nyuma ya pikapu juu ya magunia, akakishika kichwa changu mpaka hospitali. Pia kulikuwa na mama mzazi wa Baba Njoki. Tulimwita Cucu, yaani nyanya, sote, hata sisi tusio Wakikuyu. Miguu yake ilikuwa imekufa. Aliishi katika chumba cha nyuma ya kinu, na ukipita hapo lazima angekuita akupe kiazi kitamu kilichochemshwa.

Sasa ule mwaka wa kura. Umeshasikia watu wakiuzungumza, kila mtu akisema alichofanyiwa. Hujawahi kumsikia mtu akisema alichofanya yeye. Matokeo yalitangazwa, watu wakakasirika, mimi pia nilikasirika. Redio ilikuwa haizimwi. Vijana wakaanza kukutana kando ya barabara, na wamama tukawa tunawapelekea chai. Nilikuwa najisikia mtu mkubwa, Kibet. Hilo nalo ni lazima nikuambie. Watu hupenda kusema waliogopa. Niliogopa kidogo, lakini zaidi nilifurahi. Kulikuwa na nyimbo, kulikuwa na umoja, kila mtu alikuwa ananiita dada.

Siku ya tatu, asubuhi kama saa nne, kikundi kikapita hapa mbele. Vijana wamebeba pinde na jerikeni, wamama nyuma yao wakiimba. Kiplangat alikuwa ameketi nyuma ya jikoni akipukuchua mahindi, na wewe uko kando yake unamrushia makapi. Wakamwita. Akasema bila kuinuka, "Mimi siendi."

Mmoja akauliza, "Huendi kwa nini?"

"Baba Njoki amenipa kazi. Amenikosea nini?"

Wakatazamana. Nadhani wangepita. Mpaka leo ninaamini wangepita, maana wawili wao walikuwa wamesoma naye. Lakini wale wamama walinigeukia wakanitazama, na mimi nikaona aibu. Niliona kama nyumba yangu imesimama uchi barabarani. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi, nikamwambia mbele yao wote:

"Wewe si muren? Basi vua hiyo suruali nivae mimi, niende. Wewe chukua leso yangu ubaki na mtoto."

Wamama wakacheka. Walicheka sana, mmoja hata akapiga kigelegele. Kiplangat alinitazama. Hakuonekana kukasirika. Alinitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa makosa. Kisha akajipangusa makapi magotini, akaenda nao, na mtu akampa jerikeni abebe kwa sababu hakuwa na kitu mkononi.

Moshi niliuona kabla ya saa sita.

Alirudi mchana na gunia nusu la unga begani. Alilitua mlangoni, akaenda mtoni kuoga, akakaa huko mpaka jioni. Mimi niliuchota ule unga, nikasonga ugali. Nataka ujue kwamba nilifanya hivyo. Niliupakua kwenye sahani yako ya bluu pamoja na mboga, ukala, ukaomba mwingine, nikakuongezea.

Habari ya Cucu ilitufikia kesho yake. Baba Njoki alikuwa amewakimbiza mkewe na watoto kwa miguu mpaka kituo cha polisi jioni iliyotangulia moto, maana pikapu ilikuwa mjini, akiwa na nia ya kurudi na pikapu alfajiri kumchukua mama yake, kwa sababu mama alikuwa hawezi kubebwa kwa miguu mbali hivyo. Alfajiri barabara ilikuwa imefungwa kwa mawe na magogo. Cucu alikuwa katika chumba chake cha nyuma wakati kinu kilipochomwa.

Mjomba wako alinijia siku ya tatu baada ya moto, akasimama pale pale mlangoni. Akasema, "Dada, mimi nilidhani wote wameenda. Nilimwaga ile mafuta. Sikujua ako ndani." Nikamwambia si kosa lake. Akasubiri niendelee. Kulikuwa na neno moja lililobaki, na alikuwa ananipa nafasi ya kulisema. Sikulisema. Nikamwuliza kama amekula.

Mambo yalipotulia alienda mwenyewe polisi kueleza. Afisa aliyemkuta kwenye zamu alimsikiliza, akamwambia, "Kijana, rudi nyumbani. Usijitafutie shida." Hakurudi nyumbani. Alienda Bomet, akajifunza kushona viatu, na tangu hapo sijamsikia akiimba. Katika miaka hii yote hajawahi kunilaumu. Nimemngojea anilaumu. Baba yako, aliyekuwa kazini mbali siku zile, alifariki bila kujua ni nini kilichomfukuza shemeji yake hapa nyumbani. Kila alipouliza nilisema vijana wa siku hizi hawapendi mashamba.

Mwaka uliofuata ndipo nilipopata ile kazi ya kupika kwa mapadri. Padri Donal ulimwona ukiwa mdogo, yule mzee mrefu aliyekupa penseli. Alikuwa Mwairishi, wa kaskazini kule, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha vitabu, kila neno limevaa tai. Siku moja aliniletea unga akaniomba nimfundishe kusonga ugali. Nilipofungua mfuko ile harufu ikanipanda puani, nikaanza kulia na nikashindwa kujizuia. Akavuta kiti. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia sasa. Nilitarajia aniambie habari ya msamaha. Badala yake akaniuliza, "Hilo neno, muren, maana yake ya kwanza ni nini?"

Nikamwambia nilivyofundishwa na babu yangu. Kwamba muren ni mwanamume aliyetahiriwa, na ni shujaa wa kulinda ng'ombe na watu, na hata mke akimtaja mume wake anaweza kusema muren. Kwamba babu alisema muren anayemgusa mzee au mama au mtoto, wenzake humtenga, hawali naye. Nilipofika hapo nikasikia ninachosema.

Padri akasema, "Sisi pia tuna neno." Akachukua bahasha tupu, akaandika: fianna.

Aliniambia ni neno la zamani sana katika lugha ya kwao, ile waliyokuwa nayo kabla ya Kiingereza. Wasomi bado wanabishana lilitoka wapi. Wengine wanaona lina undugu na neno la kuwinda. Fianna walikuwa makundi ya vijana waliokuwa bado hawajarithi shamba. Nusu ya mwaka, wakati wa joto, waliishi msituni kwa kuwinda, na wakati wa baridi watu waliwalisha nyumbani, nao wakawa walinzi. Kijana akipata shamba lake na mke, anaacha, anakuwa mtu wa kawaida. Nilicheka kwa mara ya kwanza siku ile, nikamwambia, "Hao ni murenik kabisa." Akasema ndiyo, ndiyo maana nakuambia.

Halafu akaniambia safari ya hilo neno. Hadithi zao zilipendwa mno, kila jioni ya baridi zikasimuliwa, mpaka wale vijana wa msituni wakawa majitu yasiyoshindwa. Baadaye watu waliotaka kuwafukuza Waingereza wakalichukua, wakalipa sauti ya Kiingereza, wakajiita Fenian. Likaingia katika siasa na kwenye mambo ya jeshi, na limo hata ndani ya wimbo wao wa taifa. Na upande wa pili, wale wasiowapenda Wakatoliki wakalishika hilo hilo wakalifanya tusi la kila Mkatoliki. Alisema akiwa mtoto, akipita mtaa wa hao, alirushiwa mawe na neno hilo pamoja. Akafika nyumbani analia. Bibi yake akampangusa damu akamwambia, "Usilie. Hilo ni jina la mashujaa. Wewe ni mmoja wao."

"Bibi yangu hakuwahi kushika hata fimbo," Padri akaniambia. "Alikuwa na hadithi na chai. Binamu yangu alikuwa akiketi hapo hapo mezani, mkubwa kwangu kidogo. Mimi nilienda seminari. Yeye aliondoka siku moja akaenda kwa wenye bunduki kuwa shujaa, na mtu wa maziwa akafa, mtu aliyekuwa akituletea maziwa nyumbani. Bibi akasema mpaka kufa kwake kwamba hakujua kijana alipata wapi mambo hayo."

Nikamwuliza, "Na wewe ulimwambia alipoyapata?"

Akasema, "Sikumwambia. Nilikuwa nampenda." Akaikunja ile bahasha. "Nimekuwa padri miaka arobaini, na hilo bado nalitubu."

Hakuniambia nifanye nini. Alinionyesha tu kwamba alijua pale nilipokuwa nimekaa. Nilikaa hapo miaka mingine mingi.

Sasa unaenda kwao, Kibet. Ulipopata barua ya kazi ukanisomea, kwamba utakuwa muuguzi katika nyumba ya wazee, wengi wao hawawezi kutembea, kazi yako ya kwanza asubuhi ni kuwainua, nilitoka nje. Ukadhani ni furaha. Nilikuwa nyuma ya choo nimeshika nguzo ya ua.

Utaliona hilo neno huko. Utalikuta kwenye mabango na kwenye vinywa vya watu, mahali pengine kwa fahari, mahali pengine kwa chuki, na wewe utakuwa mgeni mweusi ambaye anatamani aitwe mwenzetu. Najua utamu wa kuitwa hivyo. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu, katika lugha yangu, kati ya watu walionijua tangu utotoni, na bado niliutaka kiasi cha kumwuza ndugu yangu mbele ya jiko langu. Sina sheria ya kukupa. Kama mtu akikuvika jina zuri ghafla, angalia tu ni wapi anakutuma nalo. Na kama siku moja utaketi unapukuchua mahindi yako na watu wakacheka, kumbuka kwamba mjomba wako alikuwa amejibu sawasawa. "Amenikosea nini?" Hakuna aliyemjibu. Mimi nilimjibu kwa suruali.

Sijamaliza. Kuna jambo la mwezi huu.

Uliniuliza nilikuwa wapi ile Jumanne niliyorudi nimechoka, nikasema mkutano wa wamama wa kanisa. Nilikuwa Njoro. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa amekutana na Mama Njoki sokoni huko, akaniletea salamu bila kujua anabeba nini. Niliona siwezi kukuacha uende nchi ya watu na mimi sijavuka hata hadi Njoro.

Ana nyumba ndogo ya mabati na vitunguu mbele. Baba Njoki alishafariki. Alinijua kabla sijabisha. Alisema, "Mama Kibet," basi. Akanipa kiti. Akatengeneza chai, akanimiminia, akaketi. Nikamwambia kwamba Kiplangat hakutaka kwenda, kwamba ni mimi niliyemtuma, na maneno niliyotumia. Nilikuwa nimejifunga moyo kwa kilio chake, au kwa kofi.

Akasema, "Najua. Nilikusikia."

Sikuelewa.

"Asubuhi ile nilirudi peke yangu," akasema. "Nilipita ndani ya majani chai, nimejifunika gunia. Nilikuwa nakuja kwako. Nilijua kama ni kumbeba Cucu, ni wewe na Kiplangat mtanisaidia, tumfiche kwako mpaka barabara ifunguliwe. Nilikuwa nimefika kwa ua yako, pale kwa mti ya mparachichi. Nikasikia wamama. Halafu nikasikia sauti yako."

Akaisogeza sukari karibu nami kana kwamba nimeiomba.

"Nikarudi nyuma. Singeweza kumbeba peke yangu."

Kibet, nimeandika sentensi hiyo na sasa naitazama. Miaka yote nilidhani nimefanya jambo moja. Nilidhani nilimpoteza ndugu yangu, na Cucu akafa ndani ya jambo hilo kwa bahati mbaya. Sikujua mlango wangu ndio ulikuwa njia yake ya kutoka. Mtu alikuwa hatua ishirini kutoka kwangu, anakuja kuniomba, na mimi nilikuwa nachekesha watu.

Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, sakafu ina matope. Nikasema, "Nisamehe." Akasema, "Hiyo siwezi kukuambia leo. Nisikudanganye." Hakusema kwa hasira. Kisha akauliza, "Kiplangat yuko hai?"

"Yuko Bomet. Anashona viatu."

"Bado anaimba?"

Nikatikisa kichwa. Hapo ndipo alipolia, kwa ajili yake, sio kwa ajili yangu. Aliponisindikiza hadi barabarani akasema, "Mwambie aje. Nataka kumwona yule kijana. Wewe, Mama Kibet, tafadhali usije tena."

Juzi nilienda Bomet. Nilimkuta mjomba wako na kiatu cha mtoto wa shule kati ya magoti. Nilimwambia kila kitu, na mwishoni nikalisema lile neno alilolisubiri mlangoni mwaka ule, kwamba kosa lilikuwa langu. Aliendelea kushona mpaka uzi ukaisha. Akaniuliza, "Alisema mimi niende?"

"Alisema."

"Jumamosi," akasema. Akaanza kupanga sindano zake ndani ya kopo, moja moja. Nikamwuliza kama nimsindikize hata hadi stendi tu, nimwone akipanda. Akanitazama kwa upole sana, akasema, "Hapana, dada. Hii nitaenda peke yangu."

Kwa hiyo Jumamosi, Mungu akikufikisha, utakuwa umeamka katika nchi ya Padri Donal, na yeye atakuwa barabarani kuelekea Njoro, na mimi nitakuwa hapa. Ukinipigia siku hiyo na kunikuta sina maneno, usidhani nimekasirika kwa haya uliyosoma au kwa lolote utakaloamua kunijibu. Nitakuwa nasikiliza kama simu ya mjomba wako italia.

Ni mimi niliyekuzaa,
Chepkemoi